Mamba wa drili

Sare zilikuwa tano. Sketi mbili za bluu na mashati matatu meupe, zimeanikwa kwenye kamba ya jirani yangu huku Moshono, Arusha, Jumamosi saa nne asubuhi, jua zuri kabisa. Mi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai namwangalia fundi anaweka grainda kwenye bodi ya kwanza ya simenti, na ile mashine ilipolia tu sikumuona tena fundi, nikaona wingu. Jeupe, zito, kama mtu kapasua kiroba cha ngano. Likasimama juu ya fensi kidogo kama linatafuta njia, halafu kaupepo kakatoka upande wa Meru kakalisukuma taratibu mpaka kwenye zile sare.

Jirani hakusema kitu. Akatoka, akazianua zikiwa bado mbichi, akazikung'uta mara moja, akaniangalia, akaingia ndani.

Angenitukana ningelala vizuri.

Kope nyeupe

Sasa ile siku hatukuacha, naomba nikiri hilo mapema. Nilimwambia fundi asogee nyuma ya banda, akasogea, akakata bodi nane, kazi ikaenda. Nina vyumba viwili vya mbao pale nyuma ambavyo nataka kupangisha na mbao zenyewe zimechoka, kila masika zinavimba, kwa hiyo nikaamua kuzivisha bodi za simenti kwa nje, za milimita 6 ukutani na za milimita 9 kwenye bafu. Futi nne kwa nane, zile mnazozijua, ukiibeba peke yako inakuangusha na upepo.

Saa saba tukakaa kula. Yule dogo anayemsaidia fundi alinawa mikono vizuri tu lakini uso hakunawa, akakaa mbele yangu anakula wali maharage na kope nyeupe, kila akipepesa macho naziona. Fulana aliyokuwa amejifunga puani ilikuwa imeshuka shingoni, na pale ilipokuwa inagusa pua kulikuwa na miduara miwili ya kijivu, mibichi. Akamaliza kula, akachukua ufagio akafagia lile vumbi likiwa kavu vile vile, likanyanyuka lote upya.

Akakohoa. Kakohozi kadogo tu, kakavu, kama ka mtu aliyepaliwa na ugali.

Ndiyo nikamkumbuka mjomba.

Kifua cha mjomba

Mjomba wangu alichimba Mererani. Sitaeleza sana, huku kwetu kila ukoo una mtu aliyeingia chini kutafuta tanzanite, wengine walirudi na gari na wengine walirudi na kifua. Yeye alirudi na kifua. Na wasomaji wa Arusha na Moshi mnajua, mtu akikwambia fulani yuko Kibong'oto, ile hospitali ya kifua kikuu, huwa huulizi anaumwa nini, unauliza tu amelazwa lini. Kwanza walidhani ni TB, akanywa dawa, na TB kweli ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho dawa haikigusi. Vumbi la mawe. Daktari aliita silikosisi. Chembe za silika zinaingia ndani kabisa kwenye vifuko vya hewa, mwili unajaribu kuzila unashindwa, unaweka kovu, kovu juu ya kovu, na kovu la mapafu halirudi kuwa pafu. Halafu mapafu ya hivyo TB inayapenda sana.

Mjomba alikuwa anasema hivi, "siku unapolila halikuumi." Basi. Alikuwa hapendi maneno mengi, yalikuwa yanamchosha pumzi.

Nikajiuliza, bodi ya simenti inahusianaje na machimbo. Nikafikiri labda naogopa bure, labda mi naogopa asbestosi, zile bodi za zamani za kwenye paa za majengo ya serikali. Na kweli hizi bodi zina ukoo na zile. Kuna mtu wa Austria anaitwa Ludwig Hatschek, mwaka 1901 alipata hataza, yaani haki ya ubunifu, ya kuchanganya simenti na nyuzi za asbestosi kwa mashine iliyofanana na ya kutengeneza karatasi, safu nyembamba juu ya safu nyembamba, akaiita Eternit. Bodi nyingi za sasa bado zinatengenezwa kwa njia yake hiyo ya safu, ndiyo maana ukivunja kona yake inabanduka kama chapati. Kilichobadilika ni nyuzi, siku hizi nyingi wanaziwekea nyuzi zinazotokana na mbao badala ya asbestosi.

Ila mchanga uliosagwa bado umo.

Na mchanga uliosagwa ndiyo silika. Kwa hiyo grainda inapozunguka pale inarudia kazi ya baruti na nyundo za Mererani, tofauti ni kwamba mi nimeifanyia uani kwangu, karibu na nguo za watoto.

Kilichonikaa kichwani zaidi ni hiki. Wamarekani mwaka 2016 waliweka kikomo kwamba mfanyakazi asivute wastani wa zaidi ya mikrogramu 50 za silika kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa zamu ya saa 8. Nikachukua chumvi jikoni. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa karibu hivyo. Sasa fikiria boksi la mita moja kila upande, ndani yake umesaga punje moja ya chumvi ikawa hewa, hapo ndiyo mwisho wao. Lile wingu langu lilikuwa na punje ngapi? Na lile lililotua kwenye mashati ndilo lenye heshima zake, maana limetua, unalikung'uta. Baya ni lile dogo ambalo hata halionekani, linabaki linaelea saa nzima wakati nyie mnakula maharage.

"Hii dada inakata kila kitu"

Nina drili ya betri ya volti 18, niliinunua kwa ajili ya mapazia, ikawa mali ya mtaa mzima. Hesabu yangu ilikuwa rahisi, sina hela ya mashine mpya, nitafute kitu cha kufunga kwenye drili kinachokata bodi bila vumbi. Kitu kidogo tu! Nikashuka mjini.

Duka la kwanza karibu na Stendi Ndogo wakanipa ekseli ndogo ya kufungia jiwe la kukatia kwenye drili. Nilikaribia kununua, bei yenyewe buku kadhaa, halafu nikasimama pale kwenye kaunta nikapiga hesabu kwenye simu. Grainda ndogo ya jiwe la milimita 115 inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, maana yake ukingo wa jiwe unakimbia kama mita 66 kwa sekunde. Drili yangu ikijitahidi sana ni 1,500, mita 9 tu kwa sekunde. Jiwe la namna hiyo halikati, linasugua, linakwama, na drili haina ule mfuniko wa kukukinga, likikwama linakuja na mkono wako. Na likifanikiwa kukata linatoa vumbi lile lile. Nikarudisha.

Kikombe cha kutobolea matundu ya bomba nilichukua, kile chenye meno ya kabaidi, hicho hakina ubishi, drili ikienda polepole na sponji bichi pembeni kinatoa unga mzito unaodondoka chini. Lakini kikombe kinatoboa, hakichani bodi ya futi nane.

Duka la tatu ndiyo kosa langu. Jamaa akanitolea kichwa cha chuma chenye midomo miwili, kinafungwa kwenye drili, kinatafunatafuna bati vipande vidogo vya umbo la mwezi. "Hii dada inakata kila kitu." Nikamuuliza na bodi ya simenti? Akasema bati ni gumu kuliko simenti, sasa itashindwaje. Na mi kwa akili zangu timamu, mwenye shule, nikaona jibu lina mantiki.

Nyumbani haikuingia hata mdomoni. Kile kidude kimetengenezwa kwa bati lisilofika milimita 2, bodi yangu ni 6. Fundi alikipokea, akakigeuza, akaweka ukingo wa bodi pale kwenye mdomo wake, akaniangalia kwa upole sana, akasema "dada, huyu ni mtoto bado." Dogo akacheka mpaka akakaa chini.

Haya.

Mamba mwenyewe

Kumbe vidude vya bodi za simenti vipo, vimetengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, sema kwa huku kwetu havijazoeleka. Nilichokipata mi kinaitwa TurboShear, cha kampuni ya Malco ya Minnesota huko Marekani, na muwe makini maana jina hilo hilo wanalo la kukatia bati na la kukatia bodi za simenti, ni vitu viwili tofauti, mi nilishaungua mara moja. Hiki cha bodi kinameza mpaka milimita 8 hivi. Shemeji alikuwa anakuja likizo, nikamuomba, kikashuka uwanja wa ndege wa KIA kimefungwa ndani ya soksi za kupandia mlima.

Nikieleze vizuri maana nimekaa nacho usiku nakiangalia kama mtoto mchanga. Ni mkasi. Una visu vitatu, viwili vya pembeni vimetulia na cha katikati kinapanda na kushuka kati yao, drili ikizunguka kile cha katikati kinakwenda kama taya. Kina mkono wake unaobana shingo ya drili, huo msiuache kwenye boksi, usipoufunga ndiyo kichwa kizima kinazunguka badala ya taya na kifundo cha mkono wako kinajua. Drili unaiweka kwenye kutoboa kawaida, ile alama ya nyundo usiiguse, na zile mashine za kupigia skrubu zinazogongagonga hazifai kabisa.

Fundi akakifunga, akalaza bodi uso chini kwenye mbao mbili, akavuta mstari wa penseli. Mi nikashika pumzi.

Kikalia krrr-tak-tak-tak. Sauti ya mtu anayetafuna mahindi ya kuchoma.

Na hakuna wingu. Wallahi nilisubiri wingu. Kati ya visu ulikuwa unatoka ukanda mwembamba wa bodi, upana kama milimita 6, unajikatakata na kudondoka chini kwenye majani, vipande unaviokota kwa mkono. Kulikuwa na unga kidogo pale chini ya kisu, kidogo kweli, umelala. Dogo akainama akaweka uso karibu kabisa kuangalia, nikamvuta sikio.

"Ni mamba," akasema. Basi jina likabaki hilo.

Ule ukanda ulitugharimu bodi moja, maana fundi alipima kama anavyopima kwa grainda, akasahau kwamba mamba anakula milimita 6 za kwake njiani. Kipande kikaja kifupi. Tangu hapo tunachora mistari miwili, wa kukata na wa kuliwa.

Hela yangu inaliwa

Nilidhani hadithi imeisha hapo. Siku ya pili narudi kutoka kazini nafika kona ya barabara nasikia grainda.

Nikakuta wingu limesimama, mamba yuko ndani ya ndoo, na fundi anakata kama vile hatujawahi kuongea. Nilikasirika aisee. Nikaongea maneno mengi, mapafu, mjomba, Kibong'oto, punje ya chumvi, nikaongea kama redio. Fundi akazima mashine, akasubiri nimalize, akasema, "Dada, mashine yako ni nzuri. Ila inakula hela yangu."

Nikamuona mbishi. Nikaingia ndani.

Ilinichukua siku tatu kuelewa kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu. Mi nilipatana naye kwa bodi. Siyo kwa siku, kwa bodi, kila bodi iliyopanda ukutani ina bei yake, tulikubaliana hivyo kwa sababu mi ndiye niliyetaka hivyo, nilijua akilipwa kwa siku atavuta vuta kazi. Grainda inachana futi nane kwa dakika moja. Mamba anataka mbili na ushee, na betri zangu ziko mbili, zikiisha zote na umeme ukiwa umekatika wanakaa chini ya mwembe wanaangaliana. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua usalama wa mapafu kwa hela yangu mara moja, kisha kila siku namtaka fundi anilipie uliobaki kwa muda wake. Halafu namhubiria.

Na swali lingine lilikuja usiku, hili sikulipenda. Hivi mi nilikuwa natafuta nini hasa? Kile kikohozi cha dogo, au ile jicho ya jirani? Maana kama sare zisingekuwepo kwenye kamba siku ile, kama upepo ungevuma kwenda upande wa shamba la mahindi, nina uhakika ningekunywa chai yangu mpaka mwisho.

Sikupata jibu linalonipendeza.

Asubuhi nikamwambia fundi tubadilishe. Bodi zilizobaki nalipa kwa siku, yeye na dogo, betri ikiisha hiyo ni hasara yangu, grainda isiwashwe bila mi kujua. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Kazi ikachukua siku mbili zaidi ya tulivyopanga. Kama kilichochelewesha ni mamba au ni posho ya siku, anajua Mungu tu, na Mungu hajaniambia. Hela imenitoka, siwezi kudanganya, na kuna siku nilichungulia dirishani nikawakuta wamelala fofofo saa tano asubuhi nikatamani mikataba ya kwa bodi irudi.

Bafu

Halafu kuna bafu. Bodi za milimita 9, mamba hafungui mdomo hivyo. Tulijaribu njia ya kuchora na kuvunja, kisu chenye ncha ya kabaidi na rula ya chuma, unachora mstari mara sita saba uso mmoja, unageuza unachora wa pili, unaweka kwenye ukingo wa mbao unakandamiza. Kwa zile za milimita 6 inafanya kazi vizuri kabisa, kusema kweli mtu asiye na drili wala shemeji wa Marekani aanzie hapo, kisu hakina vumbi la maana wala hakihitaji umeme. Kwa milimita 9 mbili zilivunjika vizuri na ya tatu ikaenda kama inavyotaka yenyewe, ikachukua na kona.

Zilizobaki tulikata kwa grainda. Ndiyo, grainda. Tulichagua asubuhi moja, tukatoka na bodi zote mpaka mwisho wa kiwanja, fundi na dogo nikawavalisha barakoa zile ngumu za N95 siyo zile laini za corona, zile laini vumbi hili linapita kama mbu kwenye chandarua kilichochanika. Dogo alitaka kumwagia maji kwa chupa wakati fundi anakata, nikakataa, grainda ni ya umeme wa waya na mi sitaki kubadilisha kifo cha miaka ishirini kwa cha siku hiyo hiyo. Tukalowesha ardhi kabla, tukalowesha tena baada, hakuna ufagio.

Na siku moja kabla yake nilienda kwa jirani. Nilibisha hodi, nikamwambia mama fulani, kesho saa mbili mpaka saa nne tutakata kwa ile mashine, naomba usianike. Akasema sawa. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, na wale vijana wako?

Nikamwonyesha zile barakoa. Akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango.

Simu ya juzi

Vyumba vimekamilika, kimoja kina mpangaji. Mamba alikuwa juu ya kabati, nimempaka mafuta, nimemviringisha na zile zile soksi.

Juzi fundi akanipigia, yuko Usa River, kapata kazi kubwa, nyumba nzima, bodi za milimita 6.

"Dada, lile mamba unauza?"

Siuzi.

"Basi nikodishe."

Nikamuuliza huko wamepatana vipi, kwa siku au kwa bodi. Kukawa kimya, nasikia nyuma yake mtu anagonga msumari na dogo anapiga mluzi.

"Kwa bodi," akasema, akaanza kucheka.

Nikamwambia aje jioni alichukue, na betri akachajie kwake.